Mti Gani Kwenye Kiwanja cha 20 kwa 20?

Shikamooni wazee, na wengine wote habari za asubuhi. Walio juani wasogee huku chini ya mwembe, maana mwembe huu wenyewe ndio mfano wetu wa kwanza. Upimeni kwa macho. Kutoka shina mpaka ncha ya tawi ni kama mita 6, kwa hiyo kivuli chake kina upana wa mita 12. Sasa kumbukeni viwanja tunavyouziana hapa Dar es Salaam, Chanika, Mbagala au Bunju: mita 20 kwa 20. Mwembe wa mbegu kama huu ukikua, kiwanja kinakuwa chake na wewe mpangaji.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kitaluni, shikeni futi kamba. Tuseme nyumba ni mita 12 kwa 11. Ubavuni imebaki mita 3 upande mmoja na mita 5 upande wa pili, nyuma mita 3, mbele mita 6. Nyuma pana karo la choo na chemba zake. Mbele gari linaingia na kugeuka. Juu ya uzio unapita waya wa umeme. Ondoeni yote hayo, nafasi ya kweli ya mti ni moja, na kwa kubana ni mbili. Mbili, si saba. Watu wengi hapa mjini hupanda saba kwa sababu miche siku ile ilikuwa mifupi.

Hesabu ninayoitumia ni hii: chukua upana wa mti ukiwa mkubwa, gawa kwa mbili, ongeza mita moja. Huo ndio umbali kutoka ukutani. Mti wenye upana wa mita 4 unakaa mita 3 kutoka ukutani. Mita 3 hizo ziheshimuni kwenye karo pia, hata kwa mti mdogo. Kwa mti mkubwa isipungue 10. Mizizi haitoboi bomba zima, hilo tuliondoe vichwani. Inafuata unyevu, na bomba likiwa na kiungo kinachovuja, uzi mwembamba wa mzizi unapenya hapo, unanenepa, unajaza bomba. Halafu wanaosema mzizi unakwenda chini moja kwa moja, wachimbe waone: mizizi mingi iko ndani ya sentimita 60 za juu, na inatambaa kupita ukingo wa kivuli. Ndiyo maana pevingi inainuka mbali kabisa na shina.

Upande wa jua nao una maana. Kwetu linalochoma nyumba ni jua la alasiri, hasa Desemba hadi Machi. Mti mmoja magharibi mwa chumba cha kulala unafanya kazi kuliko miwili mashariki. Lakini matawi ya chini yapunguzwe, usizibe upepo ukajifungia joto ndani.

Ipi ya kuiacha? Mkungu, mfenesi, mshelisheli, mzambarau, mkwaju, na mwembe wa mbegu. Mwarobaini nao, najua mtaninunia. Ni mti mzuri barabarani na kwenye viwanja vya shule, lakini unafika mita 15 na zaidi, na mbegu zake zinaota kila ufa wa ukuta. Fikasi inauzwa imekatwa mviringo kama mpira, inapendeza getini. Acheni kuikata miaka michache mtaona ilikuwa mti wa aina gani. Mnazi mizizi yake ni myembamba, hauvunji ukuta, tatizo lake liko juu: nazi na makuti huanguka bila hodi, na chini kuna bati, gari na watoto.

Inayokaa vizuri ni mndimu, mlimao, mkomamanga, mstafeli, mtopetope, mpera na mbirimbi. Mpera uchumeni mapema, matunda yakiiva mtini nzi wa matunda wanataga humo na ndani mnakuta funza. Mlonge unafaa mkiukata kila mara kwenye urefu wa mita moja na nusu. Ukiachwa unarefuka na matawi yake yanakatika kwa upepo mdogo. Mwembe pia mnaweza kuwa nao, uwe wa kubebeshwa, yaani kitawi cha mwembe mwingine kimeunganishwa juu ya mche wa mbegu, na muwe tayari kuukata. Mche ukifika sentimita 75 kateni ncha, acheni matawi matatu yanayotazama pande tofauti. Baada ya hapo kateni kila mwaka mara tu mavuno yanapoisha, msisubiri baridi ya katikati ya mwaka, maana mtakata maua. Kwa utaratibu huo unakaa mita 4.

Sasa kitaluni, na hapa ndipo pesa hupotea. Macho yanakwenda kwenye mche mrefu kuliko yote. Huo uacheni. Mche wa mita mbili kwenye kiriba kidogo, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea, umekaa humo muda mrefu mno. Inueni kiriba: kama kimeng'ang'ania ardhi, mzizi umetoka chini na utakatika siku ya kuubeba. Mwombeni muuzaji afungue kiriba kimoja. Mizizi ikiwa imezunguka kama kamba ndani ya ndoo, itaendelea kuzunguka hata ardhini, na miaka mitano baadaye mti unajinyonga wenyewe au unang'oka. Chukueni mche wa sentimita 60 hadi 80, shina nene kama penseli, unaosimama bila fimbo. Kwa uliobebeshwa, tazameni kiungo, na majani yatoke juu yake. Chipukizi likitoka chini ya kiungo ni la shina mama, ule mche wa mbegu wa chini; lisipong'olewa linaumeza mche mliolipia.

Shimo ni sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu wekeni kulia, wa chini kushoto. Changanyeni wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Kwenye mchanga wa Mbagala na Kigamboni, madebe mawili. Samadi ikiwa bado ina joto au inanuka, inaunguza mizizi. Chaneni kiriba chote, mkitoe. Kuna wanaokata kitako tu wakidhani plastiki itaoza! Shingo ya mche, pale shina linapoanza kupanuka kuwa mizizi, iwe usawa wa ardhi. Ikizikwa, gome linaoza na mti unakufa taratibu huku mnaumwagilia.

Mikocheni na Msasani Bonde la Mpunga, ambako maji ya ardhini yako karibu na juu, msichimbe. Inueni tuta la sentimita 50, upana mita moja na nusu, mpande juu yake; mpapai na mparachichi sahauni. Majani yakiungua kuanzia kingoni, mara nyingi ni chumvi ya maji ya kisima.

Pandeni masika yanapoanza. Mvua zikikata, lita 20 mara mbili kwa wiki, si kikombe kila jioni, kwa sababu kikombe kinafundisha mizizi kukaa juu. Tandazeni nyasi kavu, ila ziache sentimita 10 kutoka shinani, mchwa wasipate daraja.

Mama ameuliza: mkungu tayari uko ukutani, afanyeje? Usikate mizizi ya upande mmoja, mama yangu. Ndiyo iliyoushika, siku ya upepo unaweza kuanguka, hata juu ya nyumba. Ushushwe vipande kuanzia juu, kwa kamba, na fundi anayejua. Kisiki kikatwe chini ya usawa wa udongo na machipukizi yang'olewe kila yakitokeza, mpaka kichoke. Na kama tawi limegusa waya, panga liwekwe chini, wapigiwe TANESCO kwanza.