Seli Mia Nne Kutoka Kifuani

Mhadhara kwa wataalamu wa maabara na wanafunzi wa sayansi za tiba, Kampala

Mabibi na mabwana, wataalamu wenzangu wa maabara, habari za asubuhi. Walioko nyuma mnasikia? Haya.

Tazameni slaidi hizi mbili. Zote ni makohozi, zote zimepakwa Giemsa, rangi ile ile mnayotafutia malaria. Wenyewe wote wawili wanakohoa usiku, kifua kinabana na kupiga mluzi, na vitabu vyao vya kliniki vimeandikwa pumu. Kushoto mnaona seli zilizojaa punje za waridi linaloelekea rangi ya chungwa, na kiini kimegawanyika pande mbili mithili ya miwani: hizo ni eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu. Kulia, kiini kimekatika vipande vitatu hadi vitano na punje hazionekani vizuri: hizo ni neutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe. Katikati yao kuna makrofeji, seli kubwa zinazomeza uchafu, zenye madoa meusi tumboni. Madoa hayo ni masizi.

Kwa stethoskopu hawa ni wagonjwa wa aina moja. Kwa darubini ni aina mbili, na dawa inayomwokoa wa kushoto huenda isimfae wa kulia.

Nitatumia neno mchochota, kwa sababu uvimbe kwa Kiswahili unaweza kuwa jipu, saratani au nundu ya kugonga mlango. Mchochota ni seli za kinga zilizoitwa, zikaja, zikakataa kuondoka.

Wa kushoto aliitiwa hivi. Utando wa ndani wa njia ya hewa, epithelia, ukiguswa na vumbi, chavua au virusi, hupiga mbiu kwa saitokini tatu, yaani protini ambazo seli hupeana habari kwazo: TSLP, IL-33 na IL-25. Mbiu inasikiwa na seli za kinga ziitwazo limfosaiti za Th2 na jamaa zao ILC2, nazo hujibu kwa saitokini nyingine, IL-4, IL-5 na IL-13. IL-4 huzisukuma limfosaiti B kutengeneza IgE, kingamwili ya mzio. IL-13 huongeza seli za ute. IL-5 hufika hadi kwenye uboho, hukomaza eosinofili, kisha huzizuia zisife kwa wakati wake. Mepolizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, hunasa IL-5 hiyo. Tezepelumabu, ya mwaka 2021, hupanda juu zaidi na kunasa TSLP. Bei zake tuziache.

Wa kulia habari yake ni moshi. Matoke ya kufunikwa kwa majani hukaa motoni saa kadhaa, na anayechochea kuni yuko pale pale. Vioksidishi vya moshi huwasha swichi ya NF-kB ndani ya epithelia na makrofeji, jeni ya saitokini CXCL8 huamka, na neutrofili huifuata CXCL8 kama nzi wanavyofuata fenesi lililopasuliwa. Zikifika humwaga elastasi, kimeng'enya kinachokula nyuzi za elastini za mapafu. Mwili una breki yake, alpha-1 antitripsini, ila moshi huo huo huioksidisha breki ikalegea. Utafiti wa wilaya ya Masindi hapa Uganda uliochapishwa mwaka 2015 ulipima watu wa zaidi ya miaka 30 na kukuta asilimia 16.2 wana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Wengi wao hawakuwa wazee.

Sasa steroidi, dawa za kutuliza mchochota. Eosinofili ikikutana na steroidi hufa haraka. Neutrofili hufanya kinyume: maisha yake hurefuka. Tena steroidi hutegemea kimeng'enya HDAC2 kuzima jeni za mchochota, na vioksidishi vya moshi hupunguza HDAC2. Kwa hiyo ukimwongezea wa kulia dozi juu ya dozi, unamwachia hatari ya nimonia bila faida ya maana. Hesabu yenu ndiyo inayomwonyesha daktari njia, nami ningependa ifike kwake ikiwa sahihi.

Mtu ataniuliza: kwa nini tusihesabu eosinofili za damu tu, tone moja, dakika chache? Ulaya wanafanya hivyo; seli 300 kwa kila maikrolita hutosha kumshawishi daktari kuanza steroidi ya kuvuta. Lakini mvuvi wa visiwa vya Ziwa Victoria mwenye kichocho cha Schistosoma mansoni anaweza kupita 300 bila pumu yoyote. Safura nayo hivyo hivyo. Damu inakwambia eosinofili zimetengenezwa; haikwambii zimekwenda wapi. Makohozi yanakwambia ziko kwenye njia ya hewa. Na hata hapo, muwe waangalifu: mabuu ya Ascaris, minyoo mviringo ya tumboni, hupita mapafuni wiki moja au mbili baada ya mtu kumeza mayai, na makohozi ya siku hizo hujaa eosinofili. Pimeni choo kwanza kwa Kato-Katz, kipimo cha kuhesabu mayai ya minyoo, kile kibao cha miligramu 41.7 ambacho hesabu yake mnaizidisha kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Mkumbuke pia kwamba Kato-Katz haikamati Strongyloides vizuri, na mwenye Strongyloides akipewa steroidi za kumeza anaweza kushambuliwa na minyoo mwili mzima.

Tuingie maabara.

Kabla ya chochote, kifua kikuu. Kumfanya mtu akohoe kwa mvuke wa chumvi ni kutengeneza erosoli kwa makusudi. GeneXpert, kipimo cha kifua kikuu, itangulie, kazi ifanyike nje penye upepo au katika chumba chenye madirisha pande mbili, aliyesimama karibu avae N95, kwani barakoa ya upasuaji haimkingi. Na mweleze mgonjwa. Ukimwambia toa makohozi, anachosikia ni akafuba, yaani kifua kikuu kwa Kiganda, na mtu anayeogopa akafuba atakutemea mate ili amalize aondoke.

Pimeni FEV1, yaani hewa anayopuliza kwa nguvu katika sekunde ya kwanza, mpeni salbutamoli maikrogramu 200 hadi 400, msubiri dakika 10 hadi 15, mpime tena. Kama FEV1 baada ya dawa iko chini ya lita 1, anzeni na chumvi ya asilimia 0.9 na kwa vipindi vifupi. Wengine wapewe asilimia 3, kisha 4, kisha 5, dakika 5 kila moja, kwa nebulaiza ya mawimbi ya sauti, kwa sababu ile ya kompresa hutoa ukungu kidogo mno. Baada ya kila kipindi pimeni FEV1. Ikishuka asilimia 20 au zaidi, simamisheni na mrudishie salbutamoli. Chumvi iwe tasa na ya maabara. Chumvi ya jikoni ina madini ya joto na vitu vya kuzuia isigande, isiingie hapa.

Muda wa kuvuta uwe ule ule kwa kila mgonjwa. Makohozi ya mwanzo hutoka kwenye mirija mikubwa na yana eosinofili na neutrofili nyingi kwa uwiano. Ya baadaye hutoka ndani zaidi na yana makrofeji na limfosaiti. Ukimvutisha mmoja dakika 5 na mwingine 20, umelinganisha sehemu mbili za pafu ukidhani unalinganisha wagonjwa wawili.

Vikombe viwe viwili. Mwambieni hivi, kwa upole: “Mama, sukutua mdomo, penga kamasi, mate tema humu, kisha kohoa kutoka chini kabisa, hicho tia kwenye kikombe hiki cha pili.” Kikombe cha pili kikae kwenye barafu, na saa zihesabiwe kuanzia hapo: 2, basi. Zikipita, neutrofili zinaanza kupasuka na kumwaga vimeng'enya vyake juu ya jirani zake.

Hatua ninayoithamini kuliko zote haina mashine. Mimina makohozi kwenye sahani ya petri juu ya karatasi nyeusi. Mate yatasambaa kama maji na kuacha povu. Vitonge vitabaki vimekusanyika, vizito, vyeupe au vya kijani, vikivutika kama ulimbo ukivigusa kwa ncha ya koleo. Visogeze pembeni pasipo majimaji, vikokote kidogo ili mate yabaki nyuma, kisha vihamishie kwenye mrija uliopimwa uzito. Ukiona bapa kubwa zenye kiini kidogo katikati kwenye slaidi yako ya mwisho, hizo ni seli za kinywa. Zikizidi asilimia 20 ya seli zote, hesabu haiaminiki sana. Hakuna rangi wala sentrifuji itakayokusaidia, rudi kwenye koleo.

Tuseme vitonge vimekuwa miligramu 200, yaani takriban mililita 0.2. Ongeza ditiothreitoli ya asilimia 0.1, tunayoiita DTT, mara nne ya uzito: mililita 0.8. Asilimia 0.1 ni miligramu 100 ndani ya mililita 100. Ute umeshikamana kwa viungo vya salfa kwa salfa. DTT huvikata, ute unakuwa maji. Itengenezwe siku ile ile. Kwa pH 7.5 na nyuzi 20 nusu yake imekwisha kwa saa 10, na ikifika pH 8.5 saa moja na nusu haifiki. Ukiona ute wako hauyeyuki, mara nyingi kosa ni DTT ya jana.

Tikisa kwa voteksi sekunde 15, laza juu ya kibembeo dakika 15 ukiwa na barafu, kisha ongeza mililita 0.8 za PBS, maji ya chumvi yenye pH thabiti, kuizima kazi hiyo. Chuja kwa wavu wa nailoni wa maikromita 48. Changanya tone na tripani ya buluu nusu kwa nusu, uhesabu kwenye kioo cha Neubauer, ukiacha seli za kinywa. Ukipata wastani wa seli 40 kwa kila mraba mkubwa: 40 mara 2 mara 10,000 ni 800,000 kwa mililita; mara 1.8 ni milioni 1.44, gawanya kwa gramu 0.2, ni milioni 7.2 kwa gramu. Mtu mwenye afya hubaki chini ya milioni 10 hivi. Zinazokataa tripani, yaani zilizo hai, zisipungue nusu.

Sasa zungusha kwa 790 g, dakika 10. Nasema g, sisemi mizunguko. Rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 inahitaji mizunguko kama 2,660 kwa dakika kufikia 790 g. Ya sentimita 16 inahitaji 2,100 tu. Ukinakili 2,660 kutoka maabara jirani ukaiweka kwenye rota kubwa, unapata kama 1,260 g, seli zinabanwa na kupasuka, nawe utalaumu DTT.

Majimaji ya juu yagawe kwenye mirija midogo, yaende nyuzi 80 chini ya sifuri, kila mrija uyeyushwe mara moja tu. Mashapo yarudishwe kwenye PBS hadi milioni 1 kwa mililita, kisha maikrolita 75 kwenye saitospini, mashine inayozungusha seli zikabandike kwenye slaidi, mizunguko 450 kwa dakika, dakika 6. Ukitia seli nyingi kuliko hapo zinapandana na eosinofili hujificha chini ya makrofeji. Kausha kwa hewa, zishikize kwenye slaidi kwa methanoli, paka.

Kisha hesabu seli 400. Kwa nini 400? Eosinofili za asilimia 3 ndio mpaka wanaoutumia wengi. Katika seli 100, asilimia 3 ni seli 3, na ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 0.6 na 8.5. Katika seli 400 ni seli 12, na ukweli uko kati ya 1.6 na 5.2. Bado ni pana, sikatai, ila angalau sasa ni namba. Hesabu seli zisizo za kinywa pekee, na watu wawili wahesabu bila kuonana. Neutrofili za mtu mwenye afya hufika hata asilimia 60 na kidogo, tena huongezeka kwa umri, kwa hiyo mzee mwenye 62 msimwite mgonjwa kwa hilo peke yake.

La mwisho, kwa wanaotaka kupima saitokini kwa ELISA, kipimo cha sahani yenye kingamwili. DTT haichagui, hukata viungo vya salfa vya ute, vya saitokini, hata vya kingamwili zilizo kwenye sahani yenu. Jaribuni hivi: ongezeni pikogramu 100 zinazojulikana za IL-5 kwenye mililita ya majimaji ya juu, mpime kilichorudi. Zikirudi 80 hadi 120, endeleeni. Zikirudi 45, basi kila namba ya IL-5 mliyoandika ni ndogo kuliko ukweli. Njia ya kukwepa ni kuosha vitonge kwa PBS tupu kwanza, mtenge majimaji hayo kwa ajili ya ELISA, ndipo DTT iingie kwa ajili ya seli.

Meza ya nyuma ina barafu, sahani, koleo na ute wa yai uliochanganywa na maji ya chumvi. Ute wa yai nao umeshikwa na viungo hivyo hivyo vya salfa, DTT inaulegeza. Njooni wawili wawili, mmoja achague, mwingine ashike saa.