Kipindi cha leo: Ngazi, fundi wa dishi na mfuko wa saruji

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuna maswali matatu ya fizikia: ngazi, kabati na boriti. Tuanze na ngazi, maana kaka Mwita wiki hii ngazi imemtoa jasho.

MWITA: Jumanne nilikuwa namshikia ngazi fundi wa dishi. Ngazi ya mbao, mita 5. Mguu uko mita 3 kutoka ukutani, kwa sababu mtaro unazuia kuisogeza. Halafu kile kipande cha tairi kinachopigiliwa chini ya mguu kimeng'oka upande mmoja, mbao tupu juu ya kigae. Fundi kakaribia juu, mguu ukateleza kama upana wa kiganja. Akashuka bila kuambiwa.

ZUHURA: Pole yake. Basi tuipigie hesabu. Mguu mita 3, urefu mita 5, kwa hiyo kichwa kiko mita 4 juu. Ngazi kilo 20, fundi kilo 70: nyutoni 200 na 700. Ukuta tuuchukue laini, yaani hauna msuguano.

MWITA: Hapo kwenye laini nitarudi.

ZUHURA: Najua utarudi. Momenti, yaani nguvu mara umbali wake, tuchukue kwenye mguu, maana msukumo wa sakafu na msuguano wote vinapita hapo, vinatoka kwenye hesabu. Fundi akiwa juu kabisa: msukumo wa ukuta mara 4 ni sawa na 200 mara 1.5, maana uzito wa ngazi uko katikati, jumlisha 700 mara 3. Yaani 2400, gawa kwa 4, nyutoni 600. Msuguano wa sakafu lazima uwe 600 hiyohiyo. Sakafu inabeba 900. Myu, yaani kikomo cha msuguano ukigawa kwa msukumo wa sakafu, isiwe chini ya 0.67.

MWITA: Na kigae na mbao tuseme 0.5. Msuguano unakomea 450. Fundi anaishia mita 3.57 kwenye ngazi.

ZUHURA: Sasa wanafunzi wanapokosea: wanaandika msuguano ni myu mara 900 tangu fundi yuko chini. Wakati huo unaohitajika ni nyutoni 75 tu! Ungekuwa 450, ngazi ingejisukumia ukutani yenyewe. Myu mara msukumo wa sakafu ni kikomo, unakitumia pale tu inapotaka kuteleza.

MWITA: Mimi ningeweka mfuko wa saruji kwenye kipandio cha kwanza.

ZUHURA: Mfuko wa saruji!

MWITA: Kilo 50. Kipandio kiko sentimita 30 kutoka mguuni, kwa mlalo 18. Ukuta unaongezewa nyutoni 22.5 tu, lakini sakafu inabeba 1400, kikomo kinapanda hadi 700. Inayohitajika 622.5. Fundi anafika juu.

ZUHURA: Na akiubeba mfuko begani?

MWITA: Aa, hapo mfuko unageuka adui. 1200 mara 3, jumlisha 300, gawa kwa 4: 975. Gawa kwa 1400, myu ni 0.70. Mbaya kuliko alipokuwa mikono mitupu.

ZUHURA: Kwa hiyo mgeni wetu leo ni mfuko wa saruji. Akikaa chini tunampa chai, akipanda tunamfukuza.

MWITA: Na akilowa ndani ya mtaro?

ZUHURA: Anaganda, anakuwa mwajiriwa wa kudumu! Haya, ukuta wako.

MWITA: Ukuta wa plasta si laini, dada. Ukiupa myu 0.5 nao, vyote viwili vikiwa kwenye kikomo, sakafu inabeba 720, ukuta unasukuma 360 na kuinua 180. Fundi anafika mita 4 kamili. Sentimita 43 mnamnyang'anya bure.

ZUHURA: Kwenye kikomo tu! Kabla ya hapo una vitu vinne usivyovijua na milinganyo mitatu. Utajuaje ukuta unainua kiasi gani?

MWITA: Sihitaji kujua kabla. Naulizwa inateleza lini.

ZUHURA: Na plasta ikiwa imepakwa rangi ya mafuta? Hizo sentimita 43 simpi fundi.

MWITA: Basi andika kwenye swali kwamba unaogopa, usiandike kwamba ukuta ni laini.

ZUHURA: Laini ni dhana, si uongo.

MWITA: Mimi naita uongo.

ZUHURA: Mfuko wa saruji uko upande wangu.

MWITA: Mfuko hauna upande, una kilo 50. Ila kama mtaro ungeruhusu: mguu robo ya kimo, fundi juu kabisa, ukuta wako huohuo laini, myu inayohitajika inashuka hadi 0.22.

ZUHURA: Hapo umeutumia ukuta laini, nimekusikia!

MWITA: Nimekuazima.

ZUHURA: Naambiwa zimebaki dakika mbili. Kabati hatukuligusa, boriti ndiyo kabisa.

MWITA: Kabati nina hoja, kulisukuma juu ya nusu ya—

ZUHURA: Wiki ijayo, kaka. Na mfuko urudishwe stoo, umelala mlangoni pa studio.