Shahada ya Mawasiliano Ikaguliwe Wapi?

MHARIRI: Karibuni wasikilizaji. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na dirisha la udahili likafunguliwa, ujumbe tunaopokea hapa hufanana: mzazi au mwanafunzi anataja chuo, anataja shahada ya mawasiliano ya umma au ya uandishi wa habari, kisha anauliza kama ni nzuri. Leo hatutatangaza chuo kilicho bora. Tutazungumza kuhusu namna ya kuikagua shahada yenyewe. Kwa wanaotusikiliza kwa mara ya kwanza, mimi nahariri habari katika gazeti la kila siku hapa Dar es Salaam, na mwenzangu amefundisha mawasiliano chuo kikuu kwa miaka mingi. Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, dada. Nawasalimu wasikilizaji wote. Mtu akiniuliza kama shahada fulani ni nzuri, nami humuuliza: mhitimu wake anaweza kufanya nini ambacho asingeweza kukifanya bila miaka ile mitatu? Swali hilo huwaudhi baadhi ya wenzangu vyuoni, kwa sababu wamezoea kujibu kwa kutaja majengo.

MHARIRI: Wengine hujibu kwa kutaja ithibati. Wanasema shahada yao imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kwa hiyo mjadala umekwisha.

MWALIMU: Ithibati ni lazima, na asiyeiona shahada anayoitaka katika mwongozo wa udahili wa TCU asipoteze muda wala fedha zake. Tume hiyo imewekwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005; Kenya wana tume yao, CUE, chini ya sheria ya 2012, na Uganda wana baraza lao la elimu ya juu tangu sheria ya 2001. Vyombo hivi vyote huhakikisha kwamba chuo hakishuki chini ya kiwango fulani: kuna mtaala ulioandikwa, kuna wahadhiri wenye sifa, kuna maktaba, kuna utaratibu wa mitihani na watahini wa nje. Kazi hiyo ni kubwa na naiheshimu. Lakini shahada mbili zinaweza kuwa na ithibati ileile, mwaka uleule, na mmoja wa wahitimu wao akaingia kwenye chumba chako cha habari akiwa tayari kwa kazi, na mwingine akahitaji kufundishwa upya tangu sentensi ya kwanza.

MHARIRI: Hao wa pili ninawafahamu vizuri sana.

MWALIMU: Basi tuingie ndani ya mtaala. Shahada ya miaka mitatu Tanzania ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, yaani mihadhara, semina, kazi za vitendo na kujisomea pamoja. Hizo ni saa 3,600. Mkaguzi makini haishii kwenye jumla hiyo. Hufungua muhtasari wa kozi moja moja na kuuliza saa zile zimetumikaje. Kozi ya utangazaji wa redio ambayo saa zake nyingi ni za kusikiliza mhadhara kuhusu historia ya redio ina matatizo, hata kama jumla ya krediti imetimia.

MHARIRI: Ukipewa mafaili yote ya idara na ukaambiwa una asubuhi moja tu, unaanza na lipi?

MWALIMU: Sheria za habari. Kozi hiyo huonyesha haraka kama idara inasoma au imelala. Hapa kwetu Sheria ya Magazeti ya 1976 ilifutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na sheria hiyo nayo ikarekebishwa mwaka 2023, ambapo kashfa, yaani kumchafulia mtu jina, iliacha kuwa kosa la jinai chini yake. Kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizobadilishwa na za 2020. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo inamgusa afisa uhusiano wa benki pengine kuliko inavyomgusa mwandishi wa gazeti. Muhtasari unaofundisha sheria ya 1976 kana kwamba ingali inatumika unamwambia mkaguzi kwamba hakuna aliyeufungua kwa miaka mingi, na kwamba hata kikao cha idara kilichoupitisha hakikuusoma.

MHARIRI: Ngoja niulize jambo ambalo wazazi huniuliza mimi. Kanuni za 2017 zilizotungwa chini ya sheria hiyo ya habari ziliweka stashahada kuwa elimu ya chini kwa anayetaka kutambuliwa kuwa mwandishi wa habari, na sasa tunayo Bodi ya Ithibati ya Wanahabari inayotoa vitambulisho. Kama stashahada inatosha kisheria, shahada inaongeza nini, zaidi ya mwaka mmoja wa ada na mkopo wa kulipa?

MWALIMU: Hapo ndipo penye kiini cha suala lenyewe, na naona vyuo vingi havijalijibu swali hilo kwa uaminifu. Kuandika habari, kushika kamera na kuhariri sauti, chuo kizuri cha stashahada kinafundisha, na wakati mwingine kinafundisha vizuri kuliko chuo kikuu. Kinachopaswa kuongezwa na shahada ni uwezo wa kupima kama ujumbe umefanya kazi, kwa nani, na kwa nini. Nchi hii ina mifano ya kusomeshea inayotamaniwa na wageni. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya kusikiliza, wakajadili waliyoyasikia na kuchimba vyoo. Kuanzia mwaka 1993 Redio Tanzania ikarusha mchezo wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na watafiti, akiwamo Everett Rogers, msomi wa mawasiliano wa Marekani, wakapanga mambo kwa namna ambayo kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo kwa miaka miwili ya mwanzo, ili eneo hilo lilinganishwe na maeneo yaliyousikiliza.

MHARIRI: Nimefanya kazi na wahitimu wa mawasiliano ambao hawajapata kulisikia jambo hilo.

MWALIMU: Nami nimekutana nao, na wanaweza kukutajia nadharia nne za Kimarekani bila kupumua. Nadharia hizo si mbaya. Ubaya unakuja pale mwanafunzi anapozikariri bila kuzijaribu kwenye kitu alichokisikia mwenyewe redioni. Kwa hiyo ninapoikagua shahada, huomba maandiko ya utafiti ya mwaka wa tatu, na siombi yale matatu bora ambayo mkuu wa idara ameyaweka kando. Huomba orodha yote, nikachagua mwenyewe. Nikikuta mada 20 zenye sura moja, "mchango wa mitandao ya kijamii katika" hiki na kile, zenye dodoso lilelile na hitimisho lilelile, najua kwamba usimamizi wa utafiti umekuwa wa kupiga mihuri. Na siku hizi inabidi kuuliza pia kama idara ina utaratibu unaoeleweka kuhusu akili unde (AI), kwa sababu andiko lisilotetewa kwa mdomo mbele ya wahadhiri halithibitishi tena kwamba mwanafunzi ndiye aliyelifikiria.

MHARIRI: Twende kwenye vitendo, kwa sababu huko ndiko ninakokutana nao. Chuo kinapeleka wanafunzi kwetu kwa mafunzo kwa vitendo, wiki kadhaa, wakiwa na kitabu cha kumbukumbu na fomu ya tathmini. Wengi ni vijana wenye ari. Ninachokiona ni kwamba wengine wanaandika habari kwa mara ya kwanza ambayo mtu mwingine ataisoma na kuirudisha ikiwa na marekebisho. Wamepata alama za kozi ya uandishi, tena nzuri, lakini hawajazoea kuandikiwa pembeni kwamba chanzo hiki hakitoshi, au kwamba aya ya tano ndiyo iliyopaswa kuwa ya kwanza.

MWALIMU: Tufanye hesabu ndogo. Darasa lina wanafunzi 200 na mhadhiri mmoja. Kuisoma habari moja na kuirekebisha kwa maandishi kunachukua dakika 15, ukiwa hodari. Zoezi moja ni saa 50. Mhadhiri huyo ana kozi nyingine mbili, ana utafiti wa kupandia cheo, na ana vikao. Atafanya nini? Atatoa mazoezi mawili kwa muhula, atatunga mtihani wa kuchagua jibu, na atakuwa hajatenda kosa lolote la kinidhamu. Marekani, baraza la ACEJMC linalotoa ithibati kwa shule za uandishi wa habari limetaka kwa miaka mingi kwamba kozi za stadi zisizidi wanafunzi 20 kwa mwalimu mmoja. Sisemi tuinakili namba hiyo kesho, kwa kuwa bajeti zetu tunazijua. Nasema mkaguzi aiangalie namba ya darasa la uandishi kabla ya kuangalia namba ya maprofesa, na aombe kuona kazi zilizosahihishwa, zenye wino wa mwalimu.

MHARIRI: Na studio?

MWALIMU: Studio isikushangaze. Nenda kaangalie ratiba ya matumizi yake. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipoanzisha redio na televisheni zao, faida kubwa ilikuwa kwamba mwanafunzi angeweza kukosea hewani mbele ya wasikilizaji halisi. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, kule Mwanza nao wana redio yao. Chombo cha namna hiyo kinapoendeshwa na waajiriwa pekee huku wanafunzi wakiingia kwa matembezi, hakiongezi ubora wa shahada, ingawa kitapendeza sana katika kipeperushi.

MHARIRI: Kuna jambo jingine, Mwalimu, ambalo fomu za ukaguzi hazilipi uzito, nalo ni lugha. Mwanafunzi anafundishwa kwa Kiingereza, anafanya mtihani kwa Kiingereza, anaandika utafiti wake kwa Kiingereza. Kisha anaajiriwa Mwananchi, Nipashe, HabariLEO, au katika redio ambayo kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane haitamki sentensi ya Kiingereza. Tunapokea mtu anayejua muundo wa habari kwa lugha moja na kuitwa kuandika kwa nyingine. Matokeo yake ni Kiswahili kilichopindishwa, ambacho msomaji anakielewa kwa kukisia.

MWALIMU: Na hao wanaokwenda kwenye mahusiano ya umma, kwa mfano afisa habari wa halmashauri, wana hali ngumu zaidi, kwa kuwa wanapaswa kuugeuza waraka wa kitaalamu wa maji au wa chanjo uwe tangazo linaloeleweka kwenye mkutano wa kijiji. Shahada inayowatayarisha watu hao bila kozi hata moja ya uandishi wa Kiswahili inawatuma vitani bila silaha. Ajabu ni kwamba wataalamu tunao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ndani ya chuo kilekile chenye shule ya uandishi wa habari. Kwa hiyo mkaguzi aulize: mwanafunzi ataandika habari ngapi kwa Kiswahili kabla hajahitimu, na nani atazisahihisha?

MHARIRI: Vyuo hupenda kutuambia asilimia ya wahitimu walioajiriwa. Tukichukulie kipimo hicho vipi?

MWALIMU: Kwa tahadhari. Utafiti wa kuwafuatilia wahitimu ni kitu kizuri, lakini uliza ni wangapi waliojibu na ni nani aliyewauliza. Waliojibu mara nyingi ni wale waliofanikiwa na ambao namba zao za simu idara inazo. Tena katika fani yetu ajira ina sura nyingi: kuna anayelipwa kwa habari moja moja na asiye na mkataba, kuna anayeendesha chaneli yake mtandaoni na kupata kipato kuliko mwajiriwa. Mimi ningependa idara ioneshe kwamba majibu ya wahitimu yalibadilisha kitu katika mtaala, hata kitu kimoja. Kama utafiti ulifanyika na mtaala haukuguswa, ulifanyika kwa ajili ya faili.

MHARIRI: Msikilizaji mmoja anauliza kuhusu shahada mpya kabisa, isiyo na wahitimu bado. Maandiko ya utafiti hayapo, wa kufuatiliwa hawapo. Aamueje?

MWALIMU: Aulize wahadhiri wa kudumu ni wangapi na wa muda ni wangapi, na nani kati yao amewahi kufanya kazi ya habari, ya matangazo au ya uhusiano wa umma nje ya darasa. Mwandishi mkongwe anayekuja kufundisha mara moja kwa wiki ni hazina, ila shahada haiwezi kusimama juu ya watu wa muda pekee, kwa sababu hawakai kwenye kikao cha kuupitia mtaala. Kisha aombe ratiba ya muhula wa kwanza na muhtasari wa kozi mbili, sheria za habari na uandishi. Hizo si siri.

MHARIRI: Na akinyimwa?

MWALIMU: Aombe kwa maandishi kwa mkuu wa idara, kwa heshima, akieleza kwamba yeye ni mwombaji. Nimeona idara zikijibu siku hiyohiyo, na nimeona barua zisizojibiwa hadi dirisha la udahili likafungwa. Asiyejibiwa na aendelee na chuo cha pili katika orodha yake.

MHARIRI: Mwongozo wa udahili unapatikana katika tovuti ya TCU, na waombaji wausome kabla ya kulipa ada ya maombi popote. Ahsante, Mwalimu.

MWALIMU: Ahsante nawe, dada.