Okavango: Mto Usioiona Bahari

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tuko Botswana. Dada Zuhura, ulienda Maun, mji ulio kando ya delta ya Okavango, pale mto unapotawanyika, mwezi wa Julai, kiangazi kimekolea. Ulikuta maji?

ZUHURA: Tele, kaka! Na juu anga limetakata, wingu hata la dawa hakuna. Mvua yenyewe ilinyesha Angola, kwenye nyanda za juu, tangu Novemba hadi Machi. Yale maji yakakatiza kipande chembamba cha Namibia, yakaingia Botswana pale Mohembo. Nchi ni tambarare mno, kwa hiyo yanatambaa miezi. Yakifika Maun, Juni au Julai, pori lote la jirani limekauka. Basi wanyama wanayafuata.

BARAKA: Halafu yanaelekea bahari gani?

ZUHURA: Hakuna. Sisi tumezoea Rufiji, mto unateremka mpaka kwenye mikoko. Okavango unatawanyika kwenye mchanga wa Kalahari, unaishia hapo hapo. Maji mengi yanakwenda na jua na mimea.

BARAKA: Maji yakikauka, chumvi hubaki. Sasa mbona pasigeuke jangwa la chumvi?

ZUHURA: Hapo ndipo nilipoduwaa. Tulipanda mokoro, mtumbwi mwembamba, mwenyeji wetu amesimama nyuma na upondo wake, anatupitisha katikati ya mafunjo. Akatushusha kisiwani. Ukingoni kuna miti mikubwa yenye kivuli kizito. Unapiga hatua kwenda katikati, miti inakwisha, nyasi nazo zinakwisha, unakanyaga udongo mweupe. Nikaugusa kwa ulimi: chumvi! Mizizi ya ile miti ya pembeni inafyonza maji, chumvi inabaki nyuma, inajikusanya chini ya kisiwa. Ndiyo maana maji ya nje yanabaki matamu. Na visiwa vingi vilianza na kichuguu.

BARAKA: Kichuguu cha mchwa?

ZUHURA: Ndiyo. Kinachomoza juu ya maji, ndege anatua, anaacha mbegu, mti unaota.

BARAKA: Na tembo je?

ZUHURA: Botswana ina tembo kama 130,000, hakuna nchi inayoifikia. Lakini mimi namwambia msafiri aende Moremi, hifadhi ya wanyama iliyo kwenye delta. Mwaka 1963 Watawana, wenyeji wa pale, walitenga ardhi yao wenyewe ili wanyama wasiishe. Naiheshimu sana kazi ile. Mwaka 2014 delta ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, ikawa eneo la 1,000 kuorodheshwa. Wasiwasi wangu uko Angola: wakizuia maji kule juu, huku chini hakuna mto mwingine wa kukimbilia.

BARAKA: Anayejiandaa kwenda Julai abebe nini?

ZUHURA: Sweta zito, asubuhi baridi inauma. Na asikose kukaa pale maji mapya yanapofikia. Jioni mwenyeji wetu alichomeka kijiti kwenye mchanga mkavu, hatua moja kutoka majini. Asubuhi tulikikuta kimezungukwa na maji, na samaki wadogo wanapita kando yake.