Kukodi kamera ya spidi kali Mombasa: leo tunapiga taji la tui

Salaam aleikum watazamaji wangu, hamjambo. Niko Tudor, na hii hapa mezani ndiyo kamera ninayowakodisha wanafunzi na watafiti: Chronos 1.4, imeundwa Kanada. Kwa picha ya pikseli 1280 kwa 1024 inapiga fremu, yaani picha moja moja, 1,057 kila sekunde. Ukizitazama kwa fremu 25 kila sekunde, tukio la sekunde moja linachukua sekunde 42. Mimi hilo halijanichosha hata siku moja.

Ukija kukodi: kitambulisho, amana, tunahesabu vifaa pamoja, unatia sahihi. Twende kazini.

Ukifika nayo, begi usilifungue upesi. Hapa ndani kuna AC, huko nje mnaijua hewa yetu ya pwani. Lenzi baridi ikikutana na joto na unyevu inaingia ukungu. Iache ndani ya begi nusu saa hivi.

Jaribio letu ni tone. Mwaka 1957 Harold Edgerton wa chuo cha MIT kule Marekani alipiga picha ya tone la maziwa likianguka na kurusha maziwa juu kwa umbo la taji, akitumia mmweko mfupi sana wa taa. Sisi tunatumia tui zito. Nimelichuja mara mbili, maana chicha kidogo tu huziba bomba la sindano. Sahani nyeusi, tui jembamba chini, bomba juu yake sentimita 40. Tripodi, lenzi, mnajua.

Sasa hesabu kidogo. Kutoka sentimita 40 tone linafika chini kwa mwendo wa mita 2.8 hivi kwa sekunde. Shata, yaani kile kinachoruhusu mwanga kuingia kwa kila fremu, ikibaki wazi 1/1,000 ya sekunde, tone limeshasogea karibu milimita 3, na picha yako imepakaa. Weka 1/10,000. Lakini hapo mwanga unaoingia umepungua mara kumi, kwa hiyo unahitaji taa, tena taa nyingi.

Tazameni hapa. Mnaona picha inavyopumua, nuru na giza, nuru na giza? Ngoja. Ni balbu ya darini, sikuizima. Stima yetu ni hezi 50, kwa hiyo balbu za namna hii hupepesa mara 100 kwa sekunde, yaani kila fremu kumi hivi. Kwa macho hulioni kabisa. Zima balbu, tumia hizi LED za betri ninazozitoa pamoja na kamera. Huna LED? Toka kibarazani saa sita mchana, jua la Mombasa linatosha na ni bure.

Funika lenzi kwa kifuniko chake, bonyeza sehemu ya kusawazisha weusi, subiri, funua. Ukiruka hapo utaona mistari mistari kwenye sehemu za giza.

Kuna tuktuk inapita, meza inatetemeka. Tusubiri... haya.

Kurekodi. Kamera hii inaandika kwenye memori yake kwa mzunguko: ikijaa inafuta ya zamani na kuandika mpya, kama wimbi linavyofuta nyayo ufukweni. Hii yenye GB 16 inabeba sekunde 8 hivi. Basi usihangaike kuwahi tone. Liache lianguke, kisha ndipo ubonyeze kusimamisha. Zile sekunde 8 zilizopita zimo.

Nadondosha... tup. Nabonyeza.

Sasa nisikilizeni vizuri. USIIZIME KAMERA. Picha iko kwenye memori tu, na memori hiyo ikikosa umeme inasahau kila kitu. Niliwahi kumsaidia mwanafunzi kupiga jaribio la mradi wake, kazi ya siku nzima, sampuli yake ya mwisho. Tukafurahi, nikaizima ili niifunge. Yote yakapotea. Uso wa yule kijana ninao mpaka leo. Kwa hiyo: rekodi, hifadhi, ndipo uzime. Angalia betri kabla ya kurekodi, maana kuhifadhi huchukua muda mrefu kuliko kupiga. Usichomoe kadi, usichomoe betri, usizime.

Wakati inahifadhi, tazameni. Tone linagusa... ukuta mwembamba wa tui unapanda pande zote... ukingo wake unajikunja, unakatika vipande, kila kipande kinakuwa tone dogo. Mashaallah. Ule ni mvutano wa uso wa kimiminika, unauona kwa macho yako. Mimi napenda tui kuliko maziwa kwa sababu ukingo unaonekana mnene, unang'aa.

Asilimia 90... 97... imefika. Bado. Toa kadi, itie kwenye kompyuta, fungua faili, icheze mpaka mwisho. Taji lipo, matone yote yapo.

Haya, sasa zima.