Klabu na Kilabu: Jioni za Mwanza Katikati ya Karne ya Ishirini

Waheshimiwa wazee wetu, walimu, wanafunzi na ndugu zangu wote mliofika, shikamooni kwa wanaostahili, na kwa wengine habari za jioni. Nilipoombwa nizungumzie maisha ya jamii katika klabu za binafsi za mjini miaka ya 1940 na 1950, nilianza kwa kuwauliza watu watatu hapa Mwanza neno hilo linawapeleka wapi. Kijana wa chuo aliwaza muziki wa usiku na taa za rangi. Mama muuza samaki wa Kirumba alicheka, akaniuliza kama na mimi, kwa mvi hizi, huwa nakwenda kilabuni. Mzee wa tatu alinyoosha mkono kuelekea Capri Point, mtaa wa kando ya ziwa walikokaa Wazungu zamani, na hakusema kitu. Huyo wa tatu ndiye aliyenipa mhadhara huu, ingawa yule mama naye nitamrudia.

Neno ni moja, tulilipata kwa Waingereza, lakini Kiswahili kililipokea kwa milango miwili. Klabu lilibaki karibu na umbo lake la kigeni, likawa neno la timu za mpira na la nyumba za wanachama. Kilabu lilitiwa irabu, na likishapata ile ki- ya mwanzo likaingia moja kwa moja katika ngeli ya kitabu na kiti, wingi wake vilabu, kana kwamba lilizaliwa Ukerewe. Klabu ya Mzungu ilikuwa na wiski na meza ya biliadi. Kilabu cha pombe kilikuwa na pipa, kata na benchi la mbao. Watu wengi husema tofauti ya sehemu hizo mbili ilikuwa kinywaji, au rangi ya wanywaji. Rangi ilikuwa na uzito wake na sitaipunguza, lakini ninachotaka kuonyesha ni kwamba klabu ilikuwa daftari kabla ya kuwa nyumba, na kwamba aliyekuwa nje hakukosa bia tu bali alikosa mahali pa kuandikwa jina lake.

Tuutazame kwanza mji wenyewe. Wajerumani walijenga kituo chao hapa mwaka 1892, Waingereza wakaurithi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na reli kutoka Tabora ikafika mwaka 1928. Kabla ya reli hiyo, shehena ya pwani ilishushwa Mombasa, ikapanda treni hadi Kisumu, kisha ikavuka ziwa kwa meli, hivyo kreti ya vinywaji iliyokusudiwa Mwanza ilikuwa imeizunguka nusu ya Afrika Mashariki kabla haijafunguliwa. Sensa ya 1957 ilihesabu wakazi wasiofika 20,000. Ulikuwa mji mdogo, lakini ulikuwa makao makuu ya Jimbo la Ziwa, bandari, mwisho wa reli na soko la pamba ya Usukumani, na kwa hiyo Wazungu wake wachache walikuwa watu wa kazi zinazogusa maisha ya maelfu: Kamishna wa Jimbo na wasaidizi wake, Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, mameneja wa benki, wahandisi wa reli, madaktari, na wataalamu wa pamba kutoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru. Nitaje kwa kupita kwamba zile mbegu za pamba zilizopewa herufi UK hazikuitwa hivyo kwa heshima ya Uingereza. Herufi hizo ni za Ukiriguru, kijiji cha hapo Misungwi.

Watu hao, wakifunga ofisi alasiri, walikwenda klabuni. Walicheza tenisi jua likipungua makali, na wenye mashua walitweka matanga wakiangalia sana wasianguke majini, kwa kuwa kichocho hakikuchagua mwenye cheo. Baada ya magharibi walikaa barazani na bilauri zao, hadi yale mawingu ya wadudu wa ziwani yalipozifuata taa na kuwafukuza ndani. Palikuwa na karata, biliadi, magazeti ya Uingereza yaliyofika yakiwa na habari zilizochacha, dansi za mwisho wa mwaka kwa santuri, na chakula ambacho mpishi wa Kiafrika alilazimika kukipika kana kwamba ziwa halipo, ingawa sato alipenya mezani mara kwa mara. Sangara hakuwamo kabisa. Samaki huyo alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na neema yake, pamoja na balaa lake, ilikuja baadaye sana.

Sasa nije kwenye daftari. Mtu hakuingia klabuni kwa kugonga mlango. Kwa desturi ya klabu za Kiingereza popote zilipokuwa, mwombaji alihitaji mwanachama wa kumpendekeza na mwingine wa kumuunga mkono, jina lake likabandikwa ubaoni ili wengine walitazame, kisha ikapigwa kura ya siri ambayo zamani ilikuwa ya vijipira vyeupe na vyeusi. Vyeusi vichache tu, na katika klabu nyingine kimoja peke yake, vilitosha kumfungia mtu nje bila yeyote kutakiwa kueleza sababu. Akishapita, alilipa kiingilio na ada, akapewa haki moja ambayo kwangu ni kubwa kuliko biliadi na baraza: haki ya kunywa bila kutoa fedha. Alisaini cheti. Simaanishi cheti cha kuzaliwa wala cha kidato cha nne. Nasema kile kijikaratasi ambacho jina lake Waingereza walilichukua India na sisi tukalitumia kwa mambo makubwa zaidi. Mwisho wa mwezi vyeti vilijumlishwa, bili ikapelekwa nyumbani, na aliyechelewa kulipa alilikuta jina lake ubaoni, palepale lilipobandikwa siku anaombewa uanachama.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, alitumikia kaunta ya klabu ya namna hiyo katika mji mmoja wa kandokando ya ziwa hili, ambao sitautaja kwa sababu klabu yenyewe bado ina wenyewe. Alivaa kanzu nyeupe, mkanda mwekundu kiunoni na tarbushi kichwani, miguu peku. Aliitwa boi hadi alipokuwa na wajukuu. Kiingereza chake kilikuwa cha majina ya vinywaji na namba, lakini alijua kusoma kitu ambacho katibu wa klabu hakukijua: saini. Alitusimulia kwamba kila bwana alikuwa na saini tatu. Ya kwanza, ya saa kumi na mbili jioni, ilikuwa imenyooka na ina jina zima. Ya pili, ya saa mbili usiku, ilibaki herufi ya mwanzo na mkia. Ya tatu ilikuwa mkia mtupu, na hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi mwisho wa mwezi, pale bwana alipokana kwamba mkia ule ni wake. Hapo mjomba aliitwa ofisini, akasimama mbele ya meza, akaulizwa nani alikunywa nini tarehe fulani, naye akajibu bila daftari. Fikirini kidogo jambo hilo. Mtu ambaye kwa kanuni za nyumba ile asingeweza kuketi hata kwenye ngazi zake ndiye aliyekuwa shahidi wa mwisho wa heshima ya walioketi.

Na alikuwa anasikia. Pale barazani meneja wa benki alikaa na mtu wa pamba, daktari akakaa na mtu wa reli, na jambo ambalo ofisini lingehitaji barua tatu lilimalizwa kabla barafu haijayeyuka: nani ahamishwe, ombi la nani litazamwe kwa jicho jema, mkopo wa nani usubiri. Ndiyo maana nasema aliyekuwa nje hakukosa bia tu. Mfanyabiashara wa Kihindi mwenye kiwanda cha kuchambulia pamba angeweza kuwa na fedha kuliko baraza zima likijumlishwa, lakini habari ilimfikia asubuhi, ikiwa imeshapoa.

Kwa upande wao, Wahindi hawakungoja kukaribishwa. Waismailia, Wahindu wa makundi mbalimbali na Masingasinga kila mmoja walikuwa na jumuiya, kumbi na michezo yao, na Wagoa, ambao wengi walikuwa makarani wa serikali na reli, walianzisha taasisi zao katika miji mingi ya Afrika Mashariki, zenye dansi, kamati na taratibu kali mno. Nazo zilikuwa na madaftari yake, na nazo zilijua kumfungia mtu nje. Kuhusu wanawake wa Kizungu sina mengi: mara nyingi waliingia kwa jina la mume, wakatumia kiwanja cha tenisi na ukumbi wa dansi, na katika klabu nyingi kura na baa ya wanaume vilibaki kwa wanaume.

Nimrudie yule mama wa Kirumba. Katika miji ya Tanganyika mamlaka za mji hazikupenda pombe ya kienyeji ipikwe na kunywewa kila uani, kwa hiyo zilitenga mahali maalumu, zikatoa leseni kwa wapishi wa pombe, ambao wengi walikuwa wanawake, na zikakusanya ushuru. Hapo ndipo kilabu kilipozaliwa. Hapakuwa na ubao wala mpendekezaji, na mwenye senti zake alikaribishwa awe Msukuma wa Magu, Mkerewe aliyeshuka na mtumbwi, Mhaya wa Bukoba au Mnyamwezi aliyekuja na treni. Deni lilikuwepo, maana penye pombe pana deni, lakini liliandikwa kwa mkaa ukutani au katika kichwa cha mama muuzaji, na kichwa hicho hakikukosea. Wasomi, wale makarani na walimu wa Kiafrika, walikuwa na taabu ya pekee. Kule kwenye baraza hawakutakiwa, na huku kwenye pipa wengi wao waliona haya kuonekana.

Hao ndio waliounda vyama. Chama cha Waafrika kilichoanzishwa mwaka 1929, ambacho baadaye kilijulikana kama TAA (Tanganyika African Association), kilikuwa na nguvu kubwa hapa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na miongoni mwa waliokiongoza alikuwamo Paul Bomani, ambaye pia aliongoza ushirika wa wakulima wa pamba uliokua na kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, serikali ilikataa kusajili matawi yake katika Jimbo la Ziwa, na zuio hilo likadumu hadi 1958. Wengine hulieleza zuio hilo kwa hofu ya fujo tu. Mimi naona pia kwamba maofisa wale, ambao kila jioni walijionea barazani kwao jinsi watu wachache wanaoaminiana wanavyoweza kuendesha jimbo zima, walielewa kuliko mtu yeyote hatari ya watu wengine kuwa na orodha ya wanachama, ada na katibu. Kadi ya TANU nayo ilikuwa daftari, isipokuwa haikuwa na kijipira cheusi.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na asipofanya hivyo kura yake inaharibika. Utaratibu huo ulibuniwa kuzilinda jamii ndogo, lakini ulileta kitu ambacho wabunifu wake huenda hawakukipigia hesabu: Mzungu aliyetaka ubunge sasa alihitaji kupendekezwa na watu ambao klabu yake isingewapendekeza, na wengi waliopita ni wale waliokubalika kwa TANU.

Baada ya Uhuru, Desemba 1961, baraza zilifunguliwa, nyingine kwa hiari na nyingine kwa kuona upepo unakoelekea. Wanachama wa zamani wengi waliondoka na mikataba yao, nyumba zikabaki na paa za kutengeneza na ada zisizotosha. Dar es Salaam, jengo la klabu iliyokuwa na fahari kuliko zote pale ufukweni liligeuka Hoteli ya Forodhani, na baadaye ndani yake ikakaa Mahakama ya Rufani. Mjomba aliendelea na kaunta yake miaka michache, safari hii akivaa suruali na viatu, akiwahudumia maofisa wapya ambao baadhi yao walimwamkia shikamoo kabla ya kuagiza. Alisema hao ndio waliompa shida, kwa sababu hakujua amkatalie vipi kinywaji cha saini ya tatu kijana aliyekwisha kumwamkia.

Alipofariki tulikuta katika sanduku lake kanzu moja, mkanda, na cheti kimoja cha bia mbili chenye saini ya mkia mtupu. Hakikupelekwa kwa katibu, wala hakikulipwa. Hatujui kama alikisahau mfukoni au alikificha kwa makusudi ili kumsitiri mtu, na kila mwanafamilia ana maoni yake. Nimekuja nacho. Namba ya mwanachama nimeifunika kwa kipande cha karatasi, maana huenda wajukuu wake wapo na bia zenyewe zilikuwa mbili tu. Nitaanza kukipitisha kwa mstari wa mbele wakati tunapokea maswali. Naomba kishikwe pembeni, karatasi yake imechakaa, na kinirudie kabla hatujatoka kwenda kunywa chai.