Uwanja wa Hutchinson: Mashindano Yalitangulia Jengo

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu na wanafunzi wapendwa,

Hutchinson ni mji wa Kansas, Marekani, wenye wakazi wapatao 40,000, na uwanja wake mkubwa wa ndani umo katika kampasi ya chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili ambacho wengi hukipitia kabla ya kuendelea na shahada kwingineko. Nimeuchagua kwa sababu ya namna ulivyozaliwa. Mashindano ya kitaifa ya mpira wa kikapu ya wanaume wa vyuo vya aina hiyo yalihamia mjini humo mwaka 1949, yakachezwa katika ukumbi wa mikutano uliokuwapo, yakisimamiwa na tawi la American Legion, chama cha wanajeshi wa zamani. Uwanja mpya ulipoanza kutumika mwaka 1952, wachezaji na watazamaji walikuwa wamekwisha kupatikana. Mara nyingi sisi hujenga kwanza, kisha tukahangaika kutafuta matumizi.

Kila Machi timu hukusanyika hapo, na siku za mwanzo mechi hufuatana tangu asubuhi hadi usiku. Bob McAdoo alitwaa ubingwa hapo mwaka 1970 akiwa na chuo cha Vincennes, na mwaka 1975 akatajwa mchezaji bora wa NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya Marekani. Wenyeji wenyewe walishinda mwaka 1988, 1994 na 2017.

Lakini mashindano ni ya siku chache tu; siku nyingine uwanja wa namna hii hutumika kwa michezo mingine na sherehe, na hapa ndipo ubunifu unapopimwa. Uwanja wa kikapu wa vyuo vya Marekani una urefu wa mita 28.65 na upana wa mita 15.24, ilhali ule wa wavu ni mita 18 kwa 9, kwa hiyo mistari ya mchezo wa pili huingia ndani ya ule wa kwanza, na nguzo za wavu husimikwa katika matundu ya sakafuni ambayo hufunikwa mchezo unapokwisha. Siku ya mahafali sakafu ya mbao hutandikwa kifuniko kabla ya viti kupangwa, kwani mikwaruzo ya miguu ya viti huharibu vanishi inayoilinda. Kazi hiyo inahitaji watu, ghala na saa kadhaa. Nasisitiza kwamba gharama zake ziandikwe katika bajeti ya ujenzi tangu mchoro wa kwanza, pamoja na mishahara ya watakaoifanya.